Siki ya Wifi na Chumvi ya Mayu

Wifi yangu, mke wa kaka yangu, aliteremka kwenye basi pale stendi ya Segese akiwa amekumbatia boksi kifuani kama kichanga. Begi la nguo, ndoo na godoro alimwachia kondakta avirushe chini apendavyo, lakini boksi, thubutu! Hakuna mkono mwingine ulioligusa. Nikamuuliza, "Wifi, umetuletea mayai?" Akabenua midomo. "Siki hizo, wifi. Siki za mchele. Nyie huku hamzijui."

Hatuzijui sisi! Mimi niliyezaliwa upande wa Kahama, majaruba yakianzia nyuma ya jiko la nyumbani. Nimepanda mpunga nikiwa nimezama matopeni hadi magotini, nimefukuza ndege mpaka sauti ikakauka, nimetwanga mpaka viganja vikaota sugu. Halafu mtu aliyekwenda Geita kuosha masufuria ya wageni aje kunieleza habari za mchele. Nilibeba ndoo na godoro. Boksi nilimwachia mwenyewe.

Alikuja kukaa kwangu kwa sababu kaka yangu yuko Maganzo anasaka almasi. Anaisaka tangu ana nywele kichwani, na kila akipiga simu anasema wiki hii ndiyo yenyewe. Mke alichoka kuisubiri hiyo wiki, akatafuta kazi ya jikoni kwenye kambi moja ya wageni kule Geita. Mkataba ulipokwisha, akaja Segese, ambako nina kibanda cha chakula, nauza wali na ugali kwa wachimbaji. Nyuma ya kibanda nina vyumba viwili. Kimoja changu, na kingine cha mama yangu, mayu, ndivyo sisi Wasukuma tunavyomwita mama. Wifi nikamwambia atalala na mayu.

Sasa, siwezi kusimulia habari za siki bila kuanza na chumvi, maana chumvi ndiyo iliyotuletea yote.

Mayu aliangushwa na presha akiwa shambani. Walimkuta ameketi chini ya jua, jembe mkononi, mdomo umevutwa upande mmoja. Alipopata nafuu nikamchukua nikae naye. Daktari wa kituo cha afya alimwambia mbele yangu, taratibu kabisa, "Bibi, chumvi basi. Ikikurudia mara nyingine, inaweza kuondoka na wewe." Mayu akaitikia ndiyo, ndiyo, ndiyo. Tukatoka pale mimi nikiamini amesikia.

Mchana nikampelekea ugali na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, nimeyaunga kwa karanga vizuri, ila sikutia chumvi. Alimega tonge, akatafuna, akasimamisha taya. Akaniuliza, "Nani amekufa?"

"Hajafa mtu, mayu."

"Basi mbona aliyepika amefiwa?"

Ikawa hivyo kila siku. Matonge mawili matatu, sahani inasukumwa. Bangili zake zikawa zinateleza hadi kwenye kiwiko, kitenge kikawa kinamzunguka na bado kinabaki. Nilimjaribia limao, akasema linamuuma fizi. Nilimjaribia siki ya dukani, hiyo inayouzwa kwenye chupa za maji, isiyo na mama wala baba. Eti siki! Ni asidi tu iliyotiwa maji, ukifungua kifuniko macho yanatoka machozi, ukiitia kwenye kachumbari kitunguu chenyewe kinaomba msamaha. Mayu aliionja mara moja, akauliza kama nimeanza kumwekea maji ya betri. Nami nikabaki sijui la kufanya. Nikimpa chumvi, ninamuua. Nisipompa, anakufa kwa njaa mbele ya macho yangu, mimi ninayelisha nusu ya wachimbaji wa hapa.

Hapo ndipo wifi alipoingia na boksi lake.

Alizipanga chupa mezani kama mwalimu anayepanga vifaa vya somo. Mbili zilikuwa na kimiminika cheupe kinachoelekea umanjano kidogo, moja ina kifuniko chekundu na nyingine cha kijani. Ya tatu ilikuwa nyeusi tititi. Maandishi yote ya Kichina, yamebanana kama vibanda vya machimbo mapya. Na wifi, huku nikimtazama kwa macho yangu haya, akaanza kuyasoma kwa kidole! "Hapa wameandika mchele. Hapa wameandika ni ya afya." Nikamuuliza Kichina amejifunza lini. Akasema ukikaa na vitu unavizoea.

Lakini nisimnyime haki yake, kuna mambo aliyoyasema yakawa kweli. Alisema siki ya mchele ni mpole kuliko hii yetu ya dukani, kwa sababu ni mchele wenyewe uliopikwa, ukaachwa uwe pombe, pombe ikaachwa iendelee mpaka ikawa chachu. Haichomi koo. Inaondoa shombo la samaki bila kumfanya awe na uchungu. Inatiwa mwishoni, sufuria likishateremshwa, maana ukiichemsha sana ule ukali mzuri unaondoka na mvuke. Yote hayo aliyasema ameshika kiuno, sauti imepanda mpaka jirani anasikia. Tabu ya wifi si kutojua. Tabu yake ni kwamba akijua kitu kimoja, papo hapo anakuwa profesa wa vitu kumi.

Ile nyeusi ndiyo iliyoanza kumuumbua. Jumapili akasema tumwachie jiko atupikie pilau. Akaona chupa nyeusi, akili yake ikamwambia hiyo ni soya sosi, akaimimina kwenye nyama kama anamwagilia bustani. Wee! Pilau lilitoka na rangi nzuri ajabu, harufu ya bizari imejaa uani, tukaketi kwa heshima zote. Tonge la kwanza kila mtu akakunja uso. Wifi akalimeza lake akitabasamu, jicho moja linapepesa lenyewe, akasema kule kambini ndivyo wanavyokula. Nikamwambia basi ndiyo maana mkataba wako uliisha.

Siku iliyofuata akaona awahubirie wateja wangu. Nilikuwa nimeweka kachumbari mezani, nimeitia kidogo ile ya kifuniko chekundu, na watu wanakula wamenyamaza, dalili kwamba kinashuka. Mtu akauliza, "Mama, kachumbari ya leo umetia nini?" Kabla sijafungua mdomo, wifi kashadakia: "Ni siki ya mchele! Mchele unapikwa, unaachwa, unachacha weee, mpaka unakuwa hivyo!"

Kuchacha! Anatamka neno hilo mbele ya wachimbaji wa dhahabu. Huku mtu aliyeishiwa kabisa husemwa amechacha, na wenye duara, yaani shimo la kuchimbia, lisipotema dhahabu kwa muda mrefu, ndio hao wamechacha. Jamaa mmoja akaweka kijiko chini. "Mama, duara letu halijatema tangu masika, halafu unanilisha kitu kilichochacha?" Akainuka, na wenzake wakainuka, wakahamia kibanda cha jirani wakiwa na njaa zao. Wanaume wazima! Wanashuka chini ya ardhi kwa kamba iliyolika, matimba, yale magogo ya kushikilia kuta za shimo, yameoza, hawana wasiwasi. Neno moja la jikoni linawatimua. Nikapiga marufuku siki kwenye chakula cha biashara, chupa nikazihamishia chumbani kwa mayu. Wifi akanuna mpaka jioni.

Kumbe ndipo mambo yalipoanza kunyooka. Wifi alimkatia mayu nyanya na kitunguu, akamwagia siki ya kifuniko chekundu, akampa na samaki. Mayu akaonja. Akaonja tena. Akavuta sahani karibu, akala mpaka mfupa wa samaki ukabaki mweupe. Nilisimama mlangoni na mwiko mkononi, machozi yananilenga, na hasira zinanipanda vilevile. Miezi nimehangaika mimi, mtoto wa tumbo lake, anakuja huyu na maji yake ya kwenye boksi!

Tangu siku hiyo kila kitu cha mayu kilikuwa siki. Samaki siki, maharage siki, wali siki, hata viazi vilivyochemshwa vilichovywa kwenye siki. Mwili ukaanza kurudi. Na wifi akaanza kutembea mtaani kama mganga mpya. "Mama mkwe nilimkuta amekata tamaa, mimi ndiye niliyemrudisha." Wanawake wa kwaya wakaja kuomba siki ya kukata tumbo. Mmoja akaomba ya kupaka usoni. Mwingine akauliza kama inarudisha mume. Nikawa nawatazama tu nasonya. Ila ningesema nini? Mayu alikuwa anakula.

Siku ya kliniki ikafika. Nesi akamfunga mayu kile kitambaa cha kipimo mkononi, akapampu, akasikiliza, akapampu tena. Akanigeukia.

"Mnampa chumvi."

"Sijampa hata punje, dada."

"Kila mtu husema hivyo. Presha ya mama imepanda kupita siku ile ya kwanza. Mnataka apooze upande mzima ndipo mridhike?"

Aliniambia maneno hayo mbele ya foleni yote. Mimi, ambaye pakiti ya chumvi ya biashara naifungia kabatini na ufunguo nauvaa shingoni! Mayu alikuwa ameketi katikati yetu, macho yake yako ukutani, kwenye picha ya mbu. Aliitazama picha ile kwa makini sana, kana kwamba alikuwa hajapata kumwona mbu maishani mwake.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa najiuliza. Ninapika mwenyewe, ninamwekea mwenyewe. Kitu gani kinaingia mdomoni mwake ambacho sijakipika? Kimoja tu.

Hapa kwetu kitu kikitiliwa shaka hakibishaniwi, kinachomwa. Mtu akileta dhahabu iliyoshikana na zebaki, hakuna anayemwuliza kuna ngapi humo. Inawekwa motoni, cha kuondoka kinaondoka na moshi, na kinachobaki ndicho ulichonacho. Nikachukua kikaango, nikamimina ile siki ya kifuniko chekundu, nikabandika kwenye jiko la mkaa pale mbele ya kibanda. Harufu ikatanda mpaka barabarani. Wateja wakakohoa. "Mama, leo unachoma marudio?" mmoja akaniuliza. Marudio ni ule mchanga ulioshatolewa dhahabu, unaooshwa tena. Nikaupepea mkaa.

Siki ikachemka, ikapungua, ikawa nzito kama asali. Ikaanza kutoa mapovu ya kahawia na harufu ya sukari inayoungua. Siki gani hii inayotoa harufu ya kashata? Ilipokauka ikaacha gamba jeusi, na ndani ya gamba vipunje vyeupe. Nikasubiri ipoe, nikabandua kipande kwa kisu, nikakiweka ulimini. Kwanza utamu wa kuungua. Halafu chumvi. Chumvi yenyewe, ya kukunja ulimi! Nilikuwa nimeshaionja siki ile mara nyingi kabla, lakini uchachu na sukari vilikuwa mbele, chumvi imejificha nyuma yao.

Nikachukua kikaango kingine, nikachoma na ile ya kifuniko cha kijani. Hiyo ilichemka, ikapaa yote, ikabaki alama tu ya kahawia kama pale palipodondokea chai. Nikailamba alama. Hakukuwa na sukari wala chumvi.

Nikamwita wifi. Nikamwekea kikaango cha kwanza puani.

"Onja."

"Ndiyo nini hii?"

"Ndiyo afya yako uliyoisoma kwa kidole. Onja!"

Akaonja. Macho yakamtoka. Lakini wifi kushindwa hakujui, akasema, "Wifi, hiyo ni siki ya mchele. Mchele una chumvi tangu lini?"

"Tangu mwenye kiwanda alipoitia! Kule kambini hii ya kifuniko chekundu walikuwa wanaifanyia nini?"

Akafikiri. Akasema walikuwa wanaimwagia kwenye wali wa moto, wali ule wanaozungushia samaki mbichi, na hauongezwi kitu kingine. Ya kijani ilikuwa ya kupikia na kachumbari. Jamani! Mtu amekaa jikoni muda wote huo, anajua hii ni ya wali na hii ni ya mboga, hajajiuliza hata siku moja kwa nini chupa ni mbili. Nikampa vidonge vyake vyote, kuanzia vya boksi la stendi mpaka vya pilau. Nilimwambia alikuwa anamuua mama yangu kijiko kwa kijiko huku anajisifu mtaani. Akaanza kulia kwa kwikwi, upande wa kanga umeziba mdomo. Sikumwonea huruma hata chembe.

"Mwache mtoto wa watu."

Mayu alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba, ameshika fremu.

"Mayu, umesikia alichokufanyia? Ilikuwa na chumvi!"

"Najua."

"Unajua sasa hivi."

"Nilijua tangu kijiko cha kwanza," mayu akasema. "Mtu akizeeka mnasema amekula chumvi nyingi. Sasa mnataka mimi nizeeke kwa kula nini?"

Wateja wawili wakacheka, wakaona uso wangu, wakaacha.

Nikamuuliza kama alijua, mbona alinyamaza. Nesi ananivua nguo mbele za watu, yeye anatazama picha ya mbu? Akajibu bila aibu yoyote, "Ningesema, mngeichukua." Hivyo tu. Wifi sikumwona tena, nesi sikumkumbuka tena. Kumbe mama yangu alikuwa ameshapima mwenyewe, upande mmoja mimi, upande mwingine chumvi, na chumvi ikawa nzito zaidi. Niliogopa kuliko siku ile walipomkuta shambani. Nikamwambia, kwa sauti ambayo sikuipenda, "Mayu, kwa hiyo mboga ikolee, mimi nizike?" Aligeuka, akaingia ndani, akaketi kitandani, na nikamwona anajifuta macho kwa kiganja.

Ile ya kifuniko chekundu niliimwaga chooni. Wifi alitaka kusema ni ya gharama, akaniangalia, akanishikia mlango.

Sasa napika na ile ya kijani, na imenifundisha adabu kabla ya kunifundisha mapishi. Kitunguu nakikata chembamba, nakiloweka kwenye siki wakati wali unakauka, kinatoka kimelainika na ukali umekitoka. Sato namsugua kwa siki na tangawizi kabla hajaingia kwenye mafuta. Nsansa natia matone machache ya mwisho, karanga zikishaiva. Mlenda hautaki siki kabisa, unapoteza utelezi, na mayu alipouona alisema huo ni mchuzi wa majani, nimtafutie mlenda. Sufuria la bati siliwekei siki ikalala humo, chakula kinachukua ladha ya bati. Na ile nyeusi nayo ina kazi yake, kwenye nyama ya kuchoma na tangawizi, ukiidondosha badala ya kuimimina. Hilo wifi aligundua mwenyewe, na bado analisema kila anapopata mtu wa kumsikiliza.

Siku ya kwanza nilipompelekea mayu sahani ya siki isiyo na chumvi, nilikaa palepale. Akaonja, akanitazama, akatafuna kama mtu aliyehukumiwa. "Imekosa chumvi," akasema. Akala yote. Kesho yake, imekosa chumvi, akala yote. Kliniki presha ikawa imeshuka, nesi akanisifu kwa mdomo wa pembeni, nami nikamshukuru kwa mdomo wa pembeni. Ikawa ndiyo salamu yetu ya mchana. Mimi naweka sahani, yeye anatamka hukumu, kisha sahani inarudi tupu.

Juzi nikaweka sahani kama kawaida, sato na kachumbari. Mayu akaonja. Akatikisa kichwa polepole.

"Leo imekolea," akasema.

Niliinyakua sahani, nikaonja, haina chumvi, nikamrudishia. Nikakimbilia chumbani, nikainua mto, nikainua godoro, nikakung'uta kanga zake moja moja, nikafungua pochi ya wifi bila kumwomba ruhusa. Hakuna kitu. Hapo nikaingiwa na hofu nyingine, kwamba labda ulimi wenyewe umeanza kufa, kiharusi kimerudi kimyakimya. Nikarudi mbio, nikapiga magoti mbele yake, nikamshika mashavu nimtazame mdomo. "Mayu, sema kitu. Imekolea nini?"

Akacheka, na ule mdomo wake uliovutwa upande ukavutika zaidi. Alicheka mpaka akashika mbavu.

"Nilitaka nikuone unavyokimbia," akasema. Kisha akanisogezea sahani, nayo imeshabaki mifupa mitupu. "Imekosa chumvi. Niongezee."